Kuisikia Ardhi ya Raila: Mhadhara Kuhusu Detekta ya Metali ya Kujitengenezea

Ndoo ya rangi ya lita 20 imepinduliwa juu ya stuli. Fundi anachukua waya wa shaba wa nusu milimita, ule ule wanaotumia mafundi wa kufunga mota, anaubana ncha kwa utepe ubavuni mwa ndoo na kuanza kuuzungusha huku akihesabu kwa sauti. Akifika 22 anaacha. Anaifunga pete hiyo kwa uzi kila baada ya sentimita tano, anaichomoa polepole, na mkononi anabaki na koili ya kipenyo cha sentimita 28 hivi, iliyokula karibu mita 20 za waya. Kwa fundi, hilo ni sikio. Mhadhara huu unahusu namna ya kulifanya lisikie mbali zaidi ndani ya ardhi.

Fundi mwenyewe hatajwi jina, kwa sababu wa aina yake wako wengi. Wako Raila ndani ya Kibera, jijini Nairobi, na wako Kawangware, kuanzia steji ya 46 hadi Gatina. Wanatengeneza redio, simu na feni. Vipuri wananunua Luthuli Avenue au wanaving'oa kwenye bodi za runinga zilizokufa. Wengi wamejifunza umeme kwa mikono kabla ya kuusoma kitabuni, na ndiyo maana hesabu zitakazofuata zimepimwa kwa koili hii hii ya ndoo, zisielee hewani.

Ardhi yenyewe ina historia ndefu. Kibera ilianza kama makazi ya askari Wanubi wa jeshi la King's African Rifles, mwanzoni mwa karne ya 20. Reli ya Uganda, iliyofika Nairobi mwaka 1899, inaikata katikati. Kijiji cha Raila ni cha juzi tu, kimechukua jina la Raila Odinga, aliyekuwa mbunge wa Lang'ata kuanzia 1992 hadi 2013. Katika miaka hiyo yote watu wamejenga, wamebomoa, wamejazia taka na udongo, wakajenga tena. Chini ya kichochoro kimoja kuna misumari, vipande vya mabati, vifuniko vya soda, na mahali pengine bomba la chuma ambalo hakuna aliye hai anayekumbuka lilipopita.

Hilo bomba ndilo linaloipa kazi hii uzito. Fundi wa maji anayetafuta vali iliyofukiwa huchimba kwa kubahatisha, na kila shimo la kubahatisha huziba njia ya watu na huenda likatoboa mpira wa maji wa jirani. Bomba lenye ufa likipita ndani ya mtaro wa maji taka, uchafu unaingia pale presha inaposhuka, na mtoto wa jirani anaugua tumbo. Shirika la SHOFCO, lililoanzishwa na Kennedy Odede aliyekulia Kibera, liliamua kuyapitisha mabomba yake hewani juu ya nguzo ili kukwepa balaa hilo. Yaliyobaki chini sharti yatafutwe, na anayeyatafuta anahitaji kifaa kinachoona kina.

Detekta nyingi za kujiundia ni za aina ya mapigo. Katika miaka ya 1960 watafiti wa akiolojia kule Oxford, Uingereza, Eric Foster akiwa mmoja wao, walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuijaribu njia hii kutafutia vitu vya kale. Leo mchoro unaopendwa sana na wanaoanza ni ule wa Kirusi uitwao Pirat: chipu ya NE555 ya kupanga muda, mosfeti ya IRF740 ya kukata mkondo, na amplifaya ya TL072 ya kukuza ishara. Vipuri ni vichache na bei yake inabebeka.

Inavyofanya kazi ni hivi. Mosfeti inafungua njia, mkondo kutoka betri ya volti 12 unapanda ndani ya koili kwa maikrosekunde 150 hadi ampea tatu na kitu, kisha njia inakatwa ghafla. Koili haikubali kukatwa kimyakimya. Volti yake inaruka hadi 400, kikomo cha mosfeti hiyo, na sumaku iliyojengeka inaporomoka. Poromoko hilo linaamsha ndani ya kila kipande cha metali kilicho karibu mikondo midogo inayojizungusha kama maji nyuma ya jiwe la mtoni. Mikondo hiyo haifi papo hapo. Ndani ya mkufu mwembamba inaisha baada ya maikrosekunde chache. Ndani ya sarafu nene ya shaba inadumu makumi au hata mia. Ndani ya bomba nene la chuma inaendelea muda mrefu zaidi. Koili ile ile iliyopiga kelele sasa inanyamaza na kutega. Ikisikia mwangwi, spika inabadili mlio.

Ikikamilika, detekta ya namna hii kwa kawaida husikia sarafu kwenye sentimita 20 hivi hewani, na sufuria kubwa karibu mita moja. Hapo ndipo tamaa ya kina inapoanza, na wengi hukimbilia dawa moja: betri kubwa zaidi. Volti 12 zinakuwa 24, waya unanenepeshwa, mosfeti inapata moto mpaka haishikiki. Kisha sarafu inapimwa tena, na imesogea kwa upana wa kidole.

Sababu iko katika hesabu ambayo kila fundi wa detekta angepaswa kuiandika ukutani. Kitu kikiwa mbali kuliko upana wa koili, sumaku inayokifikia hupungua kwa kipeo cha tatu cha umbali. Mwangwi unaporudi, nao hupungua kwa kipeo cha tatu. Ukizidisha safari hizo mbili unapata kipeo cha sita. Basi, kwa makadirio ya kanuni hiyo, ishara ikiongezwa mara mbili, sarafu iliyosikika kwenye sentimita 20 itasikika kwenye sentimita 22.4. Ikiongezwa mara kumi, itafika 29. Ili ifike 40, yaani kina maradufu, ishara yapaswa kukua mara 64. Hakuna betri ya kubeba mgongoni itakayofanya hivyo.

Nguvu ina hasara nyingine isiyoonekana haraka. Koili ya ndoo yenye maikrohenri 330, kipimo cha ukaidi wake dhidi ya badiliko la mkondo, ikiwa na mkondo wa ampea tatu na kitu inahitaji karibu maikrosekunde 3 kumwaga nishati yake dhidi ya volti 400. Ampea zikiwa maradufu, muda huo nao unakuwa maradufu. Koili inapiga kelele kwa sauti kubwa kisha inachelewa kutega sikio, na vitu vidogo vimeshanyamaza.

Njia ya kweli ya kwenda chini ni kuongeza ukimya: wa koili, wa amplifaya, wa mazingira. Kila ukimya unaopatikana huongeza asilimia kadhaa za kina, na asilimia hizo huzidishana. Asilimia 19 hapa na 17 pale hukupa karibu 39. Hilo ndilo jambo moja ambalo mhadhara huu umekuja kulisema, na yanayofuata ni mahali pa kuutafuta ukimya huo.

Pa kuanzia ni resista ya kutuliza iliyofungwa sambamba na koili. Koili ina kapasitansi, yaani uwezo mdogo wa kuhifadhi chaji kati ya waya na waya. Kebo inayokwenda kwenye boksi ina yake, pikofaradi 50 hadi 100 kwa kila mita kutegemea aina ya kebo ya antena. Mosfeti ya IRF740 peke yake huongeza zaidi ya 300. Koili na kapasitansi hizo ni kengele: ukikata mkondo, inavuma. Resista ikiwa na omu nyingi mno, kengele inaendelea kuvuma. Ikiwa na chache mno, volti inashuka kwa kujikokota kama gari la mizigo. Katikati kuna thamani moja ambapo inashuka haraka bila kuvuma, nayo ni nusu ya kipeuo cha pili cha henri za koili gawanya kwa faradi za kapasitansi. Kwa koili ya ndoo na jumla ya pikofaradi 530, hesabu inatoa karibu omu 400.

Lakini fundi mwerevu haishii kuilinganisha kengele; anaipunguza. Kebo inafupishwa. Diodi ya kasi inawekwa mfululizo kati ya koili na mosfeti ili kapasitansi ya mosfeti itengwe wakati wa kusikiliza. Waya wa enameli uliobanana unabadilishwa kwa waya wenye ganda la plastiki, ili kila mzunguko ukae mbali kidogo na mwenzake. Jumla ikishuka hadi pikofaradi 200, resista ya kutuliza inapanda hadi karibu omu 650, na muda wa volti kutoka 400 hadi sehemu moja ya milioni ya volti, kwa hesabu ya karatasi, unashuka kutoka karibu maikrosekunde 10 hadi 6. Maikrosekunde nne. Mtu asiyejua atauliza zina faida gani.

Faida inategemea kinachotafutwa, na hapa ushauri mwingi wa mitaani huchanganya watu. Chukua kipande kidogo ambacho mkondo wake hufa kwa maikrosekunde 10, kama kipuli au punje ya dhahabu. Detekta iliyokuwa ikisikiliza baada ya maikrosekunde 25 ikianza kusikiliza baada ya 12, ishara ya kipande hicho inakua karibu mara 3.7, na kina kinaongezeka kwa karibu robo: sentimita 20 zinakuwa 25. Sasa chukua sarafu nene ya shaba yenye muda wa maikrosekunde 100. Badiliko lile lile linaipa asilimia mbili tu za kina, na bomba la chuma halitaona tofauti yoyote. Anayetafuta bomba Raila asikeshe kwa ajili ya maikrosekunde hizo. Anayetumwa kutafuta hereni iliyopotea uani, ndiyo, akeshe.

Amplifaya nayo ina ugonjwa wake. Michoro mingi hukuza ishara mara 1,000 kwa hatua moja. Chipu kama NE5534 ina uwezo wa megahezi 10 ukizidisha ukuzaji kwa upana wa masafa. Ukidai mara 1,000, unabakiwa na kilohezi 10. Amplifaya ya kilohezi 10 hujivuta kwa maikrosekunde 16 kila inapobadilika, kwa hiyo kazi yote ya kuituliza koili imepotea bure. Hatua mbili za mara 30 na 30 hutoa ukuzaji wa 900 na kila hatua inabaki na kilohezi zaidi ya 300. Chipu ya pili ni gharama ndogo, na lehemu kidogo.

Kuna badiliko jingine rahisi kuliko yote, la kuchomoa na kuchomeka. TL072 ya Pirat ina kelele ya ndani ya nanovolti 18 hivi kwa kila kipeuo cha hezi. NE5532 ina 5, na miguu yake minane imepangwa vile vile kabisa. Ukijumlisha kelele ya resista ya omu 1,000 iliyo mlangoni, kelele yote inashuka karibu mara tatu. Kwa kipeo cha sita, hiyo ni karibu asilimia 19 ya kina: sarafu ya sentimita 20 inaelekea 24. Badiliko hili lifanywe kabla ya mtu kufikiria betri ya pili.

Linafanya kazi, hata hivyo, pale tu ambapo kelele ya chipu ndiyo kubwa. Ndani ya Raila siyo.

Juu ya vichochoro vya Raila kuna nyaya. Baadhi ni za mita rasmi, na nyingine ni za kuunganishiwa kienyeji ambazo wakazi huziita sambaza, zimefungwa kwenye nguzo za mbao, kwenye kona za mapaa, wakati mwingine chini ya udongo wa juujuu. Stima ya hezi 50 inatembea humo usiku na mchana, pamoja na kelele za chaja za simu, taa za bei nafuu na runinga. Koili ya detekta ni antena, haichagui. Kabla mwangwi wa bomba haujafika, tayari sikio limejaa.

Pirat kwa kawaida hupiga mapigo 120 hadi 150 kwa sekunde. Angalia 150: ni mara tatu kamili ya 50. Mpangilio wa NE555 hauna uthabiti wa saa, kwa hiyo mapigo yatakuwa 150 na nusu, au 149. Hapo kelele ya stima iliyo mara tatu ya hezi 50 na mapigo ya detekta hukimbizana polepole, na spika inapanda na kushuka mara moja kwa sekunde au chini ya hapo, sawasawa kabisa na sauti ya koili inapopita juu ya kitu. Fundi anachimba, hapati kitu, anailaumu detekta. Dawa ni kuzungusha kirekebishi hadi mapigo yawe katikati ya vigawe vya hezi 50 za stima: 125 au 175. Mkimbizano unakuwa wa mara 25 kwa sekunde, na kapasita ya kulainisha iliyopo mbele ya spika inaumeza. Kazi ni ya bisibisi peke yake.

Dawa ya pili ni kusikiliza mara mbili. Baada ya kila pigo detekta inachukua sampuli ya kwanza mapema, ya pili baadaye sana wakati vitu vidogo vimekwisha nyamaza, kisha inatoa ya pili kwenye ya kwanza. Stima ya hezi 50 haibadiliki sana ndani ya maikrosekunde 100, kwa hiyo imo karibu sawa katika sampuli zote mbili na inafutika. Sumaku ya dunia, inayoingia koili inapotikiswa, nayo inafutika. Kinachobaki ni kile kilichokuwako mwanzoni na hakipo mwishoni, yaani metali.

Ya tatu ni kuongeza mapigo. Kelele za kubahatisha hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya sampuli zilizokusanywa. Kutoka mapigo 150 hadi karibu 1,000 kwa sekunde, kelele inashuka mara mbili na nusu, na kina kinaongezeka kwa asilimia 17. Betri inalipa: mkondo wa wastani unapanda kutoka miliampea 40 hivi hadi karibu 300. Seli za lithiamu zilizotolewa kwenye betri za laptopu za zamani, ambazo mafundi wa Nairobi wamezizoea, zinaweza mzigo huo kwa saa kadhaa. Kibadilisha volti cha bei rahisi kati ya betri na amplifaya kisiwepo; chenyewe ni kiwanda cha kelele.

Halafu kuna koili ya umbo la nane, inayostahili kujulikana zaidi mijini. Badala ya pete moja, waya unazungushwa kama tarakimu 8, pete mbili zikielekea pande zilizopingana. Kelele inayotoka mbali inaziingia pete zote mbili kwa kipimo kimoja na kujifuta. Bomba lililo chini ya pete moja linasikika, kwa sababu lipo karibu na moja kuliko nyingine. Sehemu ya nguvu inapotea, hasa kwa vitu vya chini sana, lakini mahali kama Raila sikio linalosikia nusu ndani ya kimya lina faida kuliko sikio zima katikati ya kelele.

Sehemu ya mwisho ya kelele ni kibanda chenyewe. Ukuta wa mabati ni sahani kubwa ya metali iliyo umbali wa hatua moja. Meza yenye misumari ni metali. Simu mfukoni mwa fundi ni metali na ni redio. Detekta iliyorekebishwa ndani ya kibanda imefundishwa kusikia kibanda, na ikitolewa nje inachanganyikiwa. Iwekwe juu ya viti vya plastiki, uwanjani, simu ikiwa imezimwa, koili ikiwa imeelekea mbinguni. Hapo ndipo shilingi kumi yenye simba, ile iliyotolewa mwaka 2018, ipitishwe juu yake na rula ya mbao isomwe.

Kuhusu ukubwa wa koili kuna kanuni nzuri. Ukiweka maikrohenri zilezile, koili kubwa zaidi inahitaji mizunguko michache. Ukifanya hesabu ya sumaku kwenye mhimili wake, sumaku katika kina fulani inakuwa kali kabisa pale nusu-kipenyo cha koili kinapolingana na kina hicho. Koili ya ndoo, yenye nusu-kipenyo cha sentimita 14, ndiyo bora kwa vitu vilivyo sentimita 14 hivi chini. Bomba lililofukiwa nusu mita linataka koili ya mita moja kwa mita moja: mabomba ya PVC manne, viwiko vinne, na mizunguko 9 au 10 ya waya, inayorudisha maikrohenri 300 hadi 370. Msumari mmoja hauonekani tena kwa koili hiyo, na katika ardhi iliyojaa misumari hiyo ni baraka. Lakini sikio pana hukusanya pia kelele nyingi. Kwa eneo na mizunguko, koili hiyo inanasa stima zaidi ya mara sita kuliko ile ya ndoo. Ndiyo sababu ukimya wa mapigo ulipaswa kutangulia.

Kinga ya koili yaweza kutengenezwa nyumbani. Karatasi ya alumini ya jikoni inazungushwa juu ya koili, ikiacha pengo la sentimita moja au mbili ili isifunge duara, na inaunganishwa na upande hasi wa betri. Mkono wa fundi au majani mabichi yakigusa koili, sauti haibadiliki tena. Alumini ikigusana na waya inaongeza kapasitansi, kwa hiyo kati yake kuwe na milimita chache za mpira au sponji. Wengine husaga kijiti cheusi cha katikati ya betri kavu, wakachanganya unga huo na vanishi na kupaka; kaboni hiyo haihifadhi mikondo kama alumini, na kwa anayesikiliza mapema ni chaguo bora.

Udongo wenyewe una sauti. Kuanzia Kawangware kuelekea Dagoretti na Kikuyu ardhi ni nyekundu, imezaliwa na miamba ya volkano na imejaa oksidi za chuma. Chembe ndogo sana za sumaku ndani ya udongo kama huo huchelewa kugeuka baada ya pigo, zikitoa mwangwi unaofifia kwa kanuni rahisi: muda ukiwa mara nne, mwangwi ni robo. Mtu atalijua tatizo hili koili inaposhushwa kuelekea chini pasipo na kitu na spika inaanza kulia. Dawa ipo. Sampuli inachukuliwa baada ya maikrosekunde 10 na nyingine baada ya 40, ya pili inazidishwa mara nne na kutolewa kwenye ya kwanza, udongo unapotea. Pamoja nao hupotea kitu chochote ambacho mkondo wake hufa kwa maikrosekunde 22 hivi, kwa sababu nacho kwa muda huo huwa kimebaki robo. Kampuni ya Minelab ya Australia, kwa uvumbuzi wa Bruce Candy, ilijenga jina lake miaka ya 1990 kwa kupiga mapigo ya urefu tofauti tofauti, ikiwapa watafuta dhahabu njia ya kuukabili udongo wa namna hii. Fundi wa nyumbani akubali shimo hilo na alijue liko wapi.

Dhahabu imetajwa, na hapa kuna jambo la kusemwa kwa upole. Wanaoagiza detekta kwa mafundi wa Nairobi wengine wanaelekea Migori au Kakamega, kulikozuka mbio za dhahabu mwaka 1931. Dhahabu nyingi ya huko ni punje za unga ndani ya mawe meupe ya kwatzi. Punje zilizotawanyika hazijengi mkondo wa kusikika, hata kama kilo moja ya mawe ina utajiri. Detekta inasikia kipande kizima. Fundi amwambie mteja hivyo kabla ya kupokea pesa. Wapo waliouza viboksi vinavyodaiwa kuona madini au mabomu kwa umbali wa kilomita. Mmoja wao, James McCormick, alifungwa miaka kumi Uingereza mwaka 2013 kwa kuuza ADE 651, kifaa kisicho na chochote cha kufanya kazi ndani yake.

Mabomu nayo yana somo. Huko Morogoro, shirika la APOPO katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo hufunza panya buku kunusa baruti, na moja ya sababu za kuwatumia ni kwamba panya hapotezi muda kwa msumari. Detekta ya mapigo hupoteza. Haitofautishi chuma cha maana na chuma cha taka, na kila hatua ya kina inayoongezwa ni misumari mipya inayosikika. Vilevile, hakuna detekta ya kujiundia iliyo salama kwa kutafutia vilipuzi. Mwaka 2002 serikali ya Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 4.5 kwa Wasamburu na Wamaasai 233 waliodai fidia kwa vifo na majeraha ya vilipuzi vilivyoachwa katika maeneo ya mazoezi ya kijeshi kaskazini mwa Kenya. Kifaa kikilia juu ya kitu kisichojulikana, chenye umbo la duara au la risasi kubwa, polisi waitwe na koleo lisiguse.

Kuna pia swali la chuma ni cha nani. Baada ya stima kupotea nchi nzima tarehe 11 Januari 2022, nguzo za umeme zilipoanguka na uharibifu wa miundombinu ukashukiwa, serikali ilisimamisha kwa muda biashara ya chuma chakavu. Bomba linalosikika chini ya kichochoro huenda linapeleka maji kwa nyumba arobaini. Wanaolaza mabomba mapya ya plastiki wanaweza kumsaidia fundi wa kesho kwa kulaza utepe wa foili juu ya bomba kabla ya kufukia, kwani plastiki yenyewe haina mwangwi.

Anayetaka kujua kama detekta yake imeongezeka kina ajichimbie uwanja wa majaribio. Vipande vya bomba la chuma la nusu inchi, kila kimoja cha urefu wa mita moja, vinalazwa kwenye sentimita 20, 30, 40 na 60, mvua moja inaachwa ipite ili udongo ukae, na alama zinawekwa kwa vigingi vya mbao. Kila badiliko, iwe chipu, resista au kebo, linafanywa peke yake na kuandikwa daftarini kwa tarehe, pamoja na kina kilichosikika.

Jaribio la mwisho halina gharama yoyote. Usiku stima ikipotea Raila, runinga zikinyamaza na watu wakitafuta mishumaa, fundi anatoka na koili yake hadi kwenye kigingi cha sentimita 40 alichokisikia mchana kwa shida. Anashusha koili, anatega, anaandika namba. Kisha anaketi pale pale gizani, koili mapajani, akisubiri stima irudi ili aandike namba ya pili.